Saini ya Mdogo Wangu

Kwa mdogo wangu mpenzi, Profesa,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe, wifi yangu na watoto. Natumaini mko salama na kwamba kile kikohozi cha wifi kimemwachia. Mara ya mwisho nilipoongea naye alikuwa anakohoa kila baada ya maneno mawili, nikamwambia aache kulala na feni usoni, akacheka tu. Mwambie sikuwa natania.

Huku hatujambo. Goti la Mama linamsumbua asubuhi, lakini akishapata chai anatembea vizuri kuliko mimi, na ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Mimi ni mzima wa mwili. Nasema wa mwili, kwa sababu tangu Jumatatu ya juma lililopita nina hasira ambayo sijawahi kuwa nayo maishani, na hasira yenyewe inakuhusu wewe. Kwa hiyo kama unaisoma barua hii umesimama, tafuta kiti.

Utashangaa kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Simu nimepiga. Mara tatu ulisema uko kikaoni, mara ya nne ukanihutubia kama niko ukumbini. Barua huwezi kuikata katikati. Na wewe tangu utoto huwezi kuona karatasi yenye maandishi ukaiacha, ulikuwa unasoma hata gazeti lililofungiwa sabuni, ndiyo maana tukakuita Profesa. Basi soma na hii mpaka mwisho.

Ile kampuni ya kufulia nguo niliyokudokeza, kulekule ng'ambo nilikokuwa, imenipa mkataba. Si kazi ya ndani wala si kulea mtoto wa mtu. Ni kusimamia mashine za kupiga pasi mashuka ya hospitali, watu watano chini yangu, bima ya matibabu, na chumba changu chenye ufunguo wangu. Nafasi hiyo wameniwekea mpaka mwisho wa mwezi huu. Nina miaka arobaini na moja, Profesa. Hapa hotelini nimepiga pasi vitambaa vya meza miaka mitano na cheo changu ni kilekile nilichoanza nacho, wakati vijana wa kiume niliowafundisha mimi namna ya kukunja shuka ndio wananipangia zamu. Nafasi kama hii kwangu haitakuja tena.

Nikaomba ruhusa ya siku moja, nikaenda ofisi ya vibali vya kazi za nje. Najua wewe uko ghorofa ya tano ya jengo lilelile. Sikupanda, maana sikutaka kupita mlango wa ndugu wakati wenzangu wamepanga foleni. Nilikaa kwenye yale mabenchi ya chuma yanayogandisha mgongo tangu saa moja asubuhi. Mbele yangu alikuwa fundi baiskeli mmoja, mwanaume mpole, naye anakwenda kampuni ileile niendayo mimi. Karatasi zetu zilikuwa na nembo moja na mhuri mmoja. Hata hakujua pa kuweka saini, mimi ndiye niliyemwonyesha mstari. Alifika dirishani, akaulizwa jina na umri, akagongewa mhuri, akanishukuru, akaenda zake.

Ikaja zamu yangu. Karani ni mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Aliusoma mkataba wangu, akanitazama, halafu akatazama nyuma yangu, kama kuna mtu alitakiwa awe amesimama pale. Akaniuliza mlinzi wangu yuko wapi. Nikamwambia mimi sina duka, mlinzi wa nini. Hapo ndipo aliponieleza kwamba tangu mwanzo wa mwaka kuna kanuni za majaribio, na kifungu cha tisa kinasema mwanamke yeyote anayekwenda kufanya kazi za ndani, au kazi zinazofanana nazo, lazima alete fomu ya ridhaa iliyosainiwa na mume, baba, kaka, au mtoto wake wa kiume aliyetimiza miaka kumi na minane. Kufua kunafanana na kazi za ndani, akasema. Nikamuuliza yule fundi baiskeli anakwenda kufua nini, mabati?

Alicheka, kisha akajiziba mdomo. Akainama karibu na lile tundu la kioo akaniambia polepole kwamba yeye mwenyewe ameachika, baba yake alishafariki, na kaka yake hawajasalimiana tangu wagombane juu ya nyumba ya urithi. Siku nzima anawagongea watu mihuri, lakini akitaka kusafiri yeye, itabidi akamwangukie miguuni mtu asiyemwitikia hata salamu. Nilimwomba anionyeshe ilikoandikwa, akanipa kitabu cha sera chenyewe, kile chenye picha ya mwanamke anayetabasamu na sanduku.

Nilikisoma pale pale benchini. Sura ya tatu inaitwa Usawa wa Kijinsia. Inaanza kwa kusema wanawake na wanaume ni sawa, halafu kurasa zote zinazofuata zinaeleza namna ya kutuzuia sisi. Hakuna palipoandikwa kwamba mwajiri asitushikie paspoti. Hakuna palipoandikwa kwamba mwanamke wa kazi za ndani aweze kubadilisha mwajiri kama wanaume wa ujenzi wanavyobadilisha. Wala hakuna neno juu ya wapi atakimbilia akidhulumiwa, na nani atampokea. Kuna kutulinda tu, kutulinda, kutulinda, kama mayai.

Nikafungua ukurasa wa kumi na nne, na damu ikanichemka. Kwenye kisanduku cha rangi ya samawati kumeandikwa kisa cha Bi. M, mfanyakazi wa ndani aliyechomwa mkono kwa pasi na mke wa tajiri wake. Kovu limeelezwa lilivyo, kutoka kiwiko hadi karibu na kifundo. Imeelezwa hata kwamba hapendi kuvaa mikono mifupi na kwamba akisikia harufu ya nguo iliyoungua anatoka nje. Chini yake pameandikwa kwamba lau Bi. M angekuwa na mlinzi wa kiume aliyewajibika kwa safari yake, hayo yasingemfika. Na mwisho wa kitabu, kwenye orodha ya walioandaa, jina lako ni la tatu kutoka juu.

Profesa, yale mambo ya harufu nilikwambia wewe, chumbani kwangu, umekaa kitandani kwangu na kikombe changu mkononi. Nilidhani naongea na mdogo wangu. Kumbe nilikuwa naongea na wizara. Hukuniomba ruhusa, hata kwa neno moja. Umenivua nguo mbele ya watu nisiowajua, halafu ukanifunika kwa herufi moja, ukaona umenisitiri!

Ndipo nikakupigia. Unakumbuka ulichoniambia, lakini nitakuandikia uone kinavyoonekana kwenye karatasi. Ulisema huwezi kunisainia, kwa sababu itaonekanaje afisa aliyeandika kifungu amwachie dada yake aende kabla wino haujakauka. Ulisema yote ni kwa faida yangu. Mwisho ukaniuliza kama nimerogwa, nitarudije kwa watu walionichoma. Hapo mimi ndiye niliyenyamaza, ukadhani umenishinda. Sababu ya kunyamaza kwangu nitakuambia huko mbele.

Mama nilipomweleza, alidhani ni mzaha. Aliniuliza mara mbili ni nani anayetakiwa kumruhusu nani. Nikamwambia yule niliyembeba mgongoni mpaka akaota meno, niliyemfuta makamasi akienda shule, ndiye sasa aniruhusu mimi kwenda kazini. Mama akasema basi ampigie mwanawe asaini yaishe, ana kalamu nyingi za bure. Nikamkataza. Nilimkataza kwa sababu ya Kibiriti.

Kibiriti humjui. Ni mwenzangu wa hotelini, tunafanya kazi meza moja, tumempa jina hilo kwa sababu ukimgusa tu anawaka. Ndiye aliyekuwa anafanya zamu zangu Mama alipolazwa, bila kuniuliza zitarudi lini. Yeye naye alipata mkataba wa kampuni ileile, miezi miwili kabla yangu. Akafika dirishani, akaambiwa alete saini ya mumewe. Mume huyo alitoka kununua vocha miaka sita iliyopita na hajarudi hadi leo. Akaambiwa basi alete cheti cha kifo. Akajibu kwamba angejua alipo angemletea hicho cheti kwa mikono yake mwenyewe. Baba hana, kaka hana, watoto wake ni wadogo. Kwa hiyo mwanamke mwenye mkataba halali, wenye mhuri na bima, akaambiwa hawezi kwenda. Mimi aliniambia tu kwamba karatasi zimechelewa, aibu ilimzuia; mengine nimeyajua kwa dada yake baada ya ile siku yangu ya dirishani.

Lakini watoto wanataka kula, na kifungu cha tisa hakipikiki. Akampata dalali mmoja aliyemwambia njia ipo, aende kama mgeni wa matembezi, mkataba atautumia akishafika. Aliondoka wiki ya pili ya mwezi uliopita. Siku alipofika alinitumia ujumbe kwamba dalali amechukua paspoti yake na kwamba hawakumpeleka kwenye kampuni, wamempeleka kwenye nyumba ya mtu. Tangu hapo simu yake haipatikani. Nimekwenda polisi, wakaniambia aliondoka kwa hiari yake. Nikaenda kwa yule karani wa miwani, akaniambia kwenye vitabu vyao mtu huyo hayupo, kwa sababu hakupitia kwao. Dada yake ndiye anayewalea wale watoto, na kila nikipita ananiuliza kama kuna habari. Nimeanza kupita njia nyingine.

Hiyo ndiyo kazi ya kifungu chako. Hakikumzuia kwenda. Kilimzuia kwenda akiwa na karatasi zake.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hasira yangu si yako peke yako. Nusu yake ni yangu, nami nimeibeba miaka mitano kwa jina la aibu.

Madamu, yule mke wa tajiri wangu, hakunichoma.

Alikuwa bahili, alikuwa na kelele, alinihesabia vipande vya mkate, lakini mkono hakuwahi kuninyanyulia. Kilichonitesa katika nyumba ile ni kabati. Paspoti yangu ilikuwa ndani ya kabati la mumewe, na sheria ya kule, ile ambayo serikali yetu iliikubali na kuisaini, ilisema siwezi kutoka kwa mwajiri wangu mpaka yeye mwenyewe aniruhusu. Mkataba wangu ulikuwa wa miaka miwili. Ulipokwisha, niliomba kuondoka, wakakataa. Niliomba likizo nije nimwone Mama, wakakataa. Asubuhi moja nilitoka na mfuko wa takataka kwa mlango wa jikoni, nikauweka kwenye pipa, nikaendelea kutembea. Nilikuwa nimevaa ndala.

Nilipata kazi kwenye kampuni ya kufulia, nyuma ya hospitali. Nilifanya pale miaka minne bila kibali. Ada yako ya chuo ilitoka pale, haikutoka kwa Madamu. Na nikwambie jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu: nilikuwa na furaha. Tulikuwa wanawake wanane chumba kimoja, tunapokezana jiko, tunacheka mpaka jirani anagonga ukuta. Hakuna aliyeniuliza naenda wapi siku ya mapumziko.

Kovu ni la mashine. Ile mashine ya mashuka ina roli mbili za moto, na mbele yake huwa na kizuizi cha chuma cha kukinga mikono. Msimamizi wa wakati ule alikuwa amekiondoa ili mashuka yapite haraka. Shuka lilijikunja, nikalivuta, nalo likanivuta. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya ukuta, Profesa, nilikuwa nawaona wauguzi wakipumzika dirishani, na sikuweza kwenda kwa sababu sikuwa na karatasi. Wenzangu walinimwagia maji, wakanifunga kwa foronya safi. Ningekuwa na paspoti yangu na kibali changu mwenyewe, ningetibiwa siku ile ile. Ningeweza hata kusema kabla, rudisheni kile kizuizi. Lakini mtu asiye na karatasi halalamiki. Kampuni iliponunuliwa na watu wengine, vizuizi vilirudishwa, na ndio hao wanaoniita sasa. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshakamatwa. Nilikaa mahabusu mwezi mzima, nikapandishwa ndege, nikapigwa marufuku ya miaka mitano. Imekwisha mwaka huu.

Ulikuja kunipokea uwanja wa ndege na maua. Uliuona mkono, ukaniuliza kwa sauti ya kulia, ni yule mama? Nikatikisa kichwa kukubali. Ni hivyo tu. Mengine yote uliyajaza wewe, na mimi nikayaacha, kisha siku za baadaye nikayaongezea chumvi ulipouliza.

Unataka kujua kwa nini. Kwa sababu mwanamke aliyeteswa mnamhurumia, na mwanamke aliyetoroka mnamuuliza alikuwa analala wapi. Mjomba alitoroka kwenye meli, akazurura bandari za watu miaka saba, na mpaka leo mnamsimulia kama shujaa. Mimi ningerudi nikasema nilitoka kwa tajiri kwa miguu yangu, nikaishi mjini miaka minne peke yangu, nikakamatwa, nikafukuzwa, hakuna ambaye angeniuliza juu ya kabati. Niliwajua. Nilikujua na wewe. Nikachagua kuwa mtu wa kuhurumiwa.

Na huruma hiyo umeiandika ikawa kifungu. Ndiyo maana ulipouliza nitarudije kwa walionichoma, nilinyamaza. Uongo wangu ndio umenifungia mlango. Ungenifungia mimi peke yangu ningesema nimejitakia, nikakaa na vitambaa vyangu vya meza. Lakini umemfungia Kibiriti, ambaye hakumdanganya mtu yeyote, na sijui kama yuko hai.

Kwa hiyo usinisainie. Najua moyo wako, ukisoma hapa utachukua kalamu, utampa dereva alete fomu. Nitaichana mbele yake. Nafasi ile na inipite kama ni ya kunipita; siendi kwa sababu nina ndugu ghorofa ya tano.

Umeniandikia ujumbe juzi kwamba Jumanne ijayo ni mkutano wa wadau wa kuipitisha sera iende bungeni, na kwamba mkuu wako anaomba Bi. M aje akae mbele, azungumze dakika tano, na ikiwezekana avae mikono mifupi ili watu waone. Nimekaa na ujumbe huo siku mbili nikijiuliza kama ni wewe kweli uliyeuandika. Jibu langu ni kwamba nitakuja. Nitavaa mikono mifupi. Nitawaambia habari ya kabati, na ya kizuizi, na ya foronya, na nitawaambia nilidanganya na kwa nini nilidanganya. Nitalitaja jina la Kibiriti, lile la kwenye cheti chake cha kuzaliwa, mpaka mtu mmoja katika ukumbi ule aamke akamtafute. Una siku tano. Unaweza kuuondoa ukurasa wa kumi na nne na kifungu cha tisa wewe mwenyewe, ukasimama ukasema ulikosea, nami nikakaa kimya kando yako. Au unaweza kukaa pale mbele ukanisikiliza. Mimi yote mawili nitayakubali, ila usiniombe la tatu.

Mama nimemsomea barua hii yote kabla sijaifunga. Alilia kidogo, kisha akaniuliza kama mkono unaniuma wakati wa baridi. Miaka mitano hakuna aliyeniuliza hilo. Anasema Jumanne atakuja na goti lake, na mtafute kiti chenye mgongo.

Nisalimie wifi yangu, mwambie nampenda na haya hayamhusu. Nibusie mabinti zako watatu, mmoja mmoja, usimruke yule mdogo maana ana wivu. Nimewafikiria sana wiki hii. Mmesema hamzai tena, na hawana kaka. Siku moja mmoja wao atasimama pale dirishani na mkataba wake mkononi, na wewe utakuwa umeshakufa. Karani atatazama nyuma yake, aone hakuna mtu. Atamwonyesha kifungu, na binti yako, ambaye atakuwa msomaji kama wewe, atafungua mwisho wa kitabu aone ni nani aliyemwandikia hivyo.

Nakutakia afya na usingizi mwema, ukiupata.

Ni mimi,
Dada yako